Darasa Lililogeuka Kambi

(Mazungumzo yetu na wanavikundi waliotutembelea Lindi, Kibera)

Tunajua wengi wenu mmeamka alfajiri kutafuta matatu, na wengine mmelala njiani.

Mlipoingia katika chumba hiki tuliwaona mkitazamana na kucheka. Mzee mmoja kati yenu alisema, "Jameni, sisi tumetoka kwenye miti, kumbe tumekuja mjini kuonyeshwa miti ya magunia!" Tulicheka pamoja naye, kwa maana ni kweli. Lakini mzee wetu, mtoto wa huku hana ule mti wako. Ndiyo sababu tumemshonea.

Mmetuuliza mambo matatu: tulifanyaje, tulitumia vitu gani, na je, kuna faida? Tutawajibu kwa utaratibu, na pale tulipokosea hatutaficha.

CHUMBA KILIVYOKUWA

Darasa letu ni chumba cha mabati kama mnavyoona. Asubuhi ni baridi, mchana ni tanuri, na mvua ikinyesha mwalimu hasikiki. Watoto wa chini ndio hukaa humu siku za shule. Jioni kikundi chetu hukutana humu kuhesabu akiba. Jumapili watu husali humu. Kwa hiyo chumba si cha watoto peke yao, na hilo mlishike akilini maana litarudi mbele.

Siku moja mwalimu alikuwa akifundisha habari za wanyama wa porini. Akasema, "Chui anaishi msituni." Mtoto mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, msitu uko steji gani?"

Wenzake hawakucheka. Nao walikuwa wakingoja jibu.

Mwalimu alitueleza jambo hilo kwenye mkutano, na sisi tukaona aibu. Kwa nini aibu? Kwa sababu wazee wa Kinubi hapa wametufundisha kwamba jina Kibera linatokana na neno lao Kibra, maana yake msitu. Askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles walipewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na walikuta miti. Mpaka leo kijiji kimoja cha Kibera kinaitwa Kambi Muru. Tena msitu wa Ngong Road hauko mbali. Karibu na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri iko kambi ya maskauti iitwayo Rowallan, ambako watoto kutoka sehemu nyingi za Kenya huja kupiga hema. Ng'ambo ya Lang'ata iko Nairobi National Park, mbuga ya kwanza ya taifa katika Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1946. Na mtoto wetu, anayekaa katikati ya hayo yote, anauliza msitu uko steji gani.

Kumpeleka kila mtoto mbugani hatukuweza, kwa kuwa kiingilio ni pesa na gari ni pesa. Ndipo mwalimu akasema, "Kama hatuwezi kupeleka darasa kambini, tulete kambi darasani."

KOSA LETU LA KWANZA

Hatukuanza vizuri. Tulichanga pesa kidogo, tukatuma vijana wawili mjini, wakanunua picha za karatasi zenye kung'aa. Zilikuwa na matunda ambayo watoto hawajawahi kuyala na maneno ambayo hawawezi kuyasoma. Tukazibandika kwenye mabati kwa gundi. Mabati hutoka jasho usiku, ndugu zetu. Muda si muda picha zikaanza kujikunja pembeni, na mvua ikamaliza kazi. Pesa ya kikundi ikaanguka chini, ikafagiliwa.

Mzee mmoja wetu akauliza swali ambalo hata nyinyi mtaulizwa nyumbani: "Watoto wengine hawana chakula cha mchana, nyinyi mnanunua mapambo?"

Swali lile lilikuwa la haki. Tulikubaliana tangu siku ile kwamba uji haupunguzwi kwa sababu ya mapambo. Tukakubaliana pia juu ya utaratibu: kwanza mwanga, pili hewa, tatu usalama, na mapambo nyuma yao. Fundi aliondoa bati moja juu ya paa akaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Ukuta tukaupaka rangi nyeupe. Hayo mawili peke yake yalibadilisha chumba kuliko picha zote za mjini. Kama kikundi chenu kina pesa ya jambo moja tu, nunueni mwanga.

NENO LA MAMA MMOJA

Sasa tunafika mahali pagumu.

Tulipopanga habari ya hema, wengi walifurahi. Mama mmoja alinyamaza. Tukamwuliza, "Mama, mbona kimya?" Akasema, "Mimi hema nalijua. Mwaka 2008 tulikimbia na mtoto mgongoni, tukalala Jamhuri. Watu walikuwa wengi na baridi ilikuwa kali. Nyinyi mwaita mchezo. Mimi sitaki mtoto wangu azoee hema."

Ndugu zetu, palikuwa kimya. Wengi wenu mnakumbuka Januari 2008, baada ya uchaguzi. Watu wengi wa Kibera walikimbilia uwanja wa Jamhuri wakakaa kambini. Neno kambi lina watoto wawili: mmoja ni wa furaha na mwingine ni wa machozi. Sisi tulikuwa tumemwona mmoja tu.

Baadhi yetu walisema tuache kabisa. Wengine walisema huyo mama ni mmoja, wengi washinde. Tunashukuru kwamba hatukupiga kura. Mwenyekiti alisema, "Turudi nyumbani, tufikiri, tukutane wiki ijayo."

Wiki iliyofuata mama yule alikuja mwenyewe, na alikuwa na sindano mkononi. Alisema, "Nimefikiri. Mimi nililala katika hema kwa kulazimishwa. Kama mtoto ataingia kwa kupenda na kutoka kwa kupenda, hilo ni jambo lingine. Lishoneni. Lakini liwe na milango miwili, mbele na nyuma. Na mtoto asiyetaka kuingia asisukumwe."

Sheria hiyo ndiyo ya kwanza katika darasa letu mpaka leo. Hema mnaloliona pale pembeni lina milango miwili. Yeye ndiye aliyelishona.

Tumewaeleza hayo ili mjue kwamba kupamba darasa si kazi ya mwalimu na vijana wenye rangi tu. Waulizeni wazazi. Picha inayomfurahisha mtoto mmoja yaweza kuamsha kidonda cha mwingine.

KWA NINI MAGUNIA

Mmeuliza mbona hatukuchora ukutani moja kwa moja. Kuna sababu mbili.

Ya kwanza tumekwisha kuitaja: chumba hiki si cha watoto peke yao. Jumapili mapambo hutolewa, Jumatatu hurudishwa.

Ya pili ni kubwa. Hapa Kibera mtu hajui kesho ya ukuta wake. Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera, pamoja na shule kadhaa, zilibomolewa ili kupisha barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Tuliona madarasa yaliyochorwa vizuri yakigeuka vumbi kwa asubuhi moja, picha na ukuta pamoja. Tukasema, sisi tutapamba kama watu wa kambi. Mtu wa kambi hujenga kitu anachoweza kukikunja na kukibeba.

TULIVYOTENGENEZA

1. Msitu. Tulikusanya magunia matupu, tukafumua mshono wa pembeni, tukafua kwa sabuni na kuanika. Gunia la mkonge hushika rangi vizuri. Gunia la nailoni rangi hubanduka, kwa hiyo hilo tulilishonea vipande vya nguo za mitumba: kijani kwa majani, kahawia kwa shina. Juu tulishona upindo tukapitisha ufito, na ufito una kamba ya kutundikia. Misumari ipigwe kwenye mbao, isipigwe kwenye bati, maana tundu la leo ni mvua ya kesho. Gunia likitolewa livingirishwe kama mkeka, lisikunjwe kama shati, ili rangi isipasuke.

Miti yetu ina majina. Ule mrefu ni muhugu, na ule mwingine ni mukinduri, kwa maana hiyo ndiyo miti ya misitu ya Nairobi. Wanyama pia wana majina, yameandikwa kwa herufi kubwa. Hapo tulikosea tena kidogo: kijana wetu alichora ndovu, akaandika chini yake Nairobi National Park. Mwalimu akamwambia mbuga hiyo haina ndovu wa porini. Ina simba, chui, kifaru, nyati, twiga na punda milia, lakini ndovu waliomo ni watoto yatima wanaolelewa mpaka wapate nguvu ya kupelekwa porini kwingine. Tulifumua ndovu tukaweka kifaru. Picha ya darasani ni mwalimu pia, na mwalimu asidanganye.

2. Hema. Fito tatu ndefu zimefungwa pamoja juu kwa kamba, miguu imetanuliwa, na juu yake leso kuukuu zilizounganishwa. Ndani kuna mkeka na kasha la vitabu. Huingia watoto watatu kwa zamu. Zamu ziliandikwa baada ya wavulana wawili kupigana kwa ajili ya hema, kwa hiyo nyinyi andikeni mapema.

3. Moto. Ni mafiga matatu, kama jikoni kwa mama. Ndimi za moto ni vitambaa vyekundu na vya manjano. Watoto hukaa kuuzunguka, mwalimu husema "Hadithi, hadithi!" nao huitikia "Hadithi njoo!" Kuni zake ni vijiti. Vijiti kumi hufungwa pamoja kuwa mzigo mmoja. Mwalimu husema, "Niletee kuni ishirini na tatu," na mtoto huleta mizigo miwili na vijiti vitatu. Hapo amejifunza makumi na mamoja bila kuogopa.

4. Nyota. Pakiti za maziwa yale yanayokaa muda mrefu huwa na karatasi ya fedha ndani. Tulizipasua, tukaziosha, tukakata nyota tukazining'iniza kwa uzi. Sita au saba zimekaa pamoja, hizo ni Kilimia, zile ambazo wakulima wa zamani walizitazama kujua majira ya kulima. Nyinyi mwaziona nyumbani. Huku taa kubwa za mulika mwizi hufukuza giza na hufukuza nyota pia. Taa tunazihitaji kwa usalama wetu, hatuzilalamikii. Lakini mtoto ajue kwamba juu ya taa kuna kitu.

5. Pande za dunia. Sakafuni tumechora msalaba wa pande nne. Upande wa kaskazini tumeandika Reli. Upande wa kusini tumeandika Mto na Bwawa. Lile Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka 1953 kwa ajili ya maji ya kunywa, na watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga huko kabla halijajaa taka na magugu. Watoto hawakuamini. Sasa wao wenyewe huuliza nani alilichafua, na hilo ni swali zuri kwa mtoto kuuliza.

6. Shanta. Ni mfuko wa mgongoni uliochakaa, na kando yake orodha: blanketi, kikombe, mswaki, sabuni, kitabu. Mtoto husoma neno, hutafuta kitu, hukitia ndani. Wale wanaochelewa kusoma hujifunza kwa mikono.

Mwalimu anasema kazi hii haimtoi nje ya mafundisho yake. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, unamtaka mwalimu atumie vitu vinavyopatikana mahali alipo. Huku kwetu vinavyopatikana ni magunia.

MAMBO YA KUANGALIA

Moto wetu ni wa vitambaa, na utabaki wa vitambaa. Kibera tunajua moto wa kweli. Msiweke mshumaa, koroboi wala jiko katika darasa lenye nguo na karatasi. Kitambaa kikae mbali na balbu na nyaya. Mlango usizibwe hata kwa nusu. Hema liwe wazi, mwalimu aone ndani.

Rangi: tumieni rangi ya maji yenye maandishi kwenye mkebe. Mkebe wa zamani usiojulikana waweza kuwa na risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Rangi ya bure yaweza kuwa ghali.

Mifuko ya plastiki ya kubebea msitumie. Ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na tena mtoto akiivaa kichwani hukosa pumzi.

La mwisho, msijaze kuta zote. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani walitoa habari za uchunguzi wa watoto 24 wa chekechea. Walifundishwa katika chumba kilichojaa mapambo, na nyakati nyingine katika chumba hichohicho bila mapambo. Katika mapambo mengi macho ya watoto yalitangatanga zaidi, nao walijifunza kidogo zaidi. Kwa hiyo tazameni: ukuta wa ubao hauna kitu. Msitu uko nyuma na pembeni. Na ukuta mmoja tumeuachia kazi za watoto wenyewe.

FAIDA NI NINI?

Hatutawaambia kwamba watoto wote sasa ni wa kwanza, hiyo ingekuwa hadithi ya moto wa vitambaa. Tunasema tulichokiona. Watoto huja mapema ili wapate zamu ya hema. Wazazi ambao hawakuwahi kuingia shuleni waliingia kwa sababu ya kushona, na wakiwa wanashona walimsikia mwalimu akifundisha. Sasa wanamjua mwalimu, na mwalimu anawajua.

Lakini faida tuliyoiona kwa macho ilikuja mwaka 2024. Mvua kubwa za Aprili na Mei zilipofurisha mito ya Nairobi, maji yaliingia hapa. Usiku ule vijana walitoa magunia ukutani, wakayavingirisha, wakafungua hema, wakabeba. Mzigo wote ulitosha mkokoteni mmoja. Madawati hayakupona yote, na baadhi ya familia zilihama na watoto wao hatukuwaona tena. Hilo linatuuma mpaka leo.

Baadaye tulipopewa ukumbi wa kuazima, tulitundika msitu kabla ya kupanga viti. Watoto walikuja wakiwa wamenyamaza, wengine hawakuwa na viatu. Walipoona miti walikwenda kila mmoja mahali pake, kama watu waliofika nyumbani. Chumba kilikuwa kigeni, lakini darasa lilikuwa lilelile.

Mama yule wa sindano alikuwa amesimama mlangoni. Mtoto wake wa mwisho alichukua kitabu akaingia hemani kwa mlango wa mbele. Baada ya kitambo akatoka kwa mlango wa nyuma, akamtazama mama yake, akaingia tena. Mama akafunga leso vizuri akaenda kazini.

Ndugu zetu, nyinyi huko kwenu mna miti ya kweli, mna nyota na mna mto. Pengine hamhitaji gunia hata moja. Wapelekeni watoto chini ya mti na mwalimu wao, mti uwe na jina lililoandikwa. Na ikiwa mtashona, njooni mtuonyeshe.

Chai iko tayari.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi chenu:

1. Watoto wetu wanakaa karibu na nini wasichokijua? Nani kati yetu aweza kuwaeleza?

2. Darasa letu lina mwanga na hewa ya kutosha? Nini kianze?

3. Ni vitu gani tunavyotupa ambavyo vingeweza kufundishia?

4. Mama mmoja akipinga jambo ambalo wengi wanalipenda, kikundi chetu hufanya nini?

5. Kama tungelazimika kuhama kesho, ni kitu gani cha shule yetu tungeweza kukibeba?